Tulimlilia Mama Yangu Akiwa Hai

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na anayewaomba mseme "Amina" leo ni mtu ambaye kwa miaka mingi aliwafanya mseme "Amina" juu ya uongo wake.

Wengi wenu mnaniita Baba Yustina. Jina langu ni Ezekia. Nilizaliwa Kigoma, Tanzania, mtaa wa Gungu. Sikuzaliwa Kalemie, na Congo sijawahi kuikanyaga. Wazee wa kanisa hili wanajua. Ninyi vijana mliokuja nyuma hamjui, na Mchungaji ameniomba niliandike jambo hili lisomwe, kwa sababu wengine wenu mmefika London juzi, mnalala katika vyumba kama nilivyolala mimi, na mnapewa ushauri kama niliopewa mimi.

Nilikuja mwaka ule vita vilipowaka mashariki ya Zaire. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa karani katika stoo ya reli. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Mama alinisomesha kwa kukamua mawese na kuyauza mlangoni. Nilipata viza ya kuja kusoma Kiingereza kwa miezi michache, na mtaa mzima ulinisindikiza stesheni. Mama hakulia. Alinishika mkono akasema, "Ukifika huko, kula. Usiniletee habari za baridi, baridi siwezi kukusaidia. Niambie umekula nini."

Ndugu zangu, sitawachosha na habari za baridi. Baridi mnaijua. Kilichonivunja mimi ni kutosalimiwa. Kwetu mtu akikupita bila salamu, ujue mna ugomvi. Wiki zile za kwanza nilipanda treni Walthamstow asubuhi, nikakaa magoti yakigusana na magoti ya watu, nikafika mjini, nikasafisha ofisi, nikarudi, na siku ikaisha hakuna aliyenifungulia mdomo. Nilidhani jiji zima lina ugomvi na mimi. Tulikuwa wanaume wanne katika chumba kimoja juu ya duka, karibu na soko lile refu, na vitanda vilikuwa viwili. Wa zamu ya usiku akirudi, wa zamu ya mchana anaamka anampisha. Shuka ilikuwa haipoi.

Mwenye chumba alikuwa Mtanzania mwenzangu, tumwite Deo. Alikuwa amenizidi umri na alikuwa anaishi London kama Mrundi. Viza yangu ilipokaribia kwisha alinikalisha kitako.

"Bwana mdogo, we' una bahati. Omba ukimbizi kama Mkongo. Kigoma na Kalemie ni maji tu katikati. Nani wa huku atajua?"

"Na mama yangu je?"

"Mama gani?"

"Si yuko Kigoma."

"Basi huna kesi. Mwenye mama ana kwao, na mwenye kwao anarudishwa kwao. Sema amekufa."

"Kaka Deo, mama mzazi?"

"Kwani ukisema ndiyo atakufa? Wangu nimemuua mara mbili, na juzi tu kaniagiza kitenge."

Wenzangu chumbani walicheka. Mimi pia nilicheka. Nataka mjue kwamba dhambi yangu kubwa kuliko zote iliingia ikiwa inachekesha.

Deo alinifundisha kusema kama mtu wa ng'ambo. Nikizungumza na Wakongo nisiseme "naomba maji", niseme "unipe mayi". Nisiseme "mke", niseme "bibi", kwa maana kwa Wakongo bibi ni mke wa mtu. "Bibi wa Kitanzania, yule mama mzaa mama," aliniambia, "huyo msahau. Ukimwita bibi kizee 'bibi' mbele ya Mkongo, atadhani unamposa." Na mtu akishangaa Kiswahili changu kina harufu ya shule, nijibu kwamba nilisomea Kigoma nikiwa mtoto. Uongo mzuri, alisema, uwe na kipande cha kweli cha kushikia.

Siku yangu ya kuhojiwa Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, ikafika. Niliketi ndani ya jengo lile refu, mbele ya afisa na mkalimani. Nikaulizwa wazazi wangu wako wapi. Nikasema wamekufa wote wawili. Baba ilikuwa kweli. Mama nilimwongezea tu. Mkalimani alikuwa mama wa makamo. Kabla ya kutafsiri aliniambia kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu." Nikalia. Ndugu zangu, sikuigiza. Machozi ya kweli yalitoka juu ya neno la uongo, afisa akanisogezea karatasi laini za kufutia uso, na mpaka leo nikikumbuka machozi yale najiogopa.

Ningeweza kuuacha uongo ule Croydon. Mtu husema jambo ofisini, akarudi kwake akavua koti. Lakini Deo, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alinileta katika kanisa hili. Wakati huo tulikuwa tunaabudu katika ukumbi wa shule. Alisema watu wakinijua kama yatima, hata kesho nikihitaji mtu wa kunishuhudia nitampata. Akamnong'oneza mzee mmoja wa kanisa kwamba kijana huyu amefiwa na mama vitani, na bado hajaliliwa.

Sisi watu wa Kiswahili, awe wa Congo, wa Kenya au wa Tanzania, hatuwezi kusikia msiba tukaupita. Jioni ile nilipelekwa nyumbani kwa Mama Furaha. Wengi wenu mlimkuta. Alitoka Uvira, alikuwa mkubwa wa akina mama. Walisogeza makochi, wakatandika magodoro chini, nikakalishwa katikati. Waliingia mmoja mmoja kwa viatu vya kazi, wengine na sare za kufagia hospitali, wakakaa chini. Wakaimba. Mama Furaha akaniuliza, "Mama yako alikuwa anaitwa nani, mutoto yangu, tumutaje katika maombi?"

Nikasema, "Yustina."

Sikuwa na akili hata ya kutunga jina lingine. Nilitaja jina lake lenyewe, yeye akiwa Gungu anakamua mawese, na watu waliochoka na kazi wakamwombea apumzike kwa amani. Mama Furaha alilia kuliko wote, mpaka akashikwa mabega. Nilidhani ana huruma nyingi tu. Sababu yenyewe niliijua baadaye sana.

Na niseme kweli yote. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike London watu walinigusa, waliniita mtoto wao, walinilazimisha kula. Nilipata kwetu mpya kwa kumkana yule aliyekuwa kwetu. Msichana aliyenimiminia maji ya kunawa mikono siku ile aliitwa Zawadi. Alikuwa anaishi kwa Mama Furaha, naye ametoka Uvira, amepoteza watu kweli. Ndiye aliyeosha vyombo vyote vya matanga yale. Baada ya mwaka na kitu tulifunga ndoa hapa hapa.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, Zawadi hakuniuliza. Alimpakata, akasema, "Huyu ni mama yako amerudi. Ataitwa Yustina." Mchungaji wa wakati ule akambariki kwa jina la marehemu bibi yake. Nani angekataa?

Huku nyuma nilikuwa nampigia mama simu. Nilimwambia Zawadi natoka kununua maziwa, nikaenda kwenye kibanda cha simu karibu na kituo cha treni, nikakwangua kadi, nikapiga kwa jirani yake mwenye duka, naye akaitwa. Kwake sikuwa na siri. Alijua nimeoa, alijua mke anaitwa Zawadi, alijua mtoto kapewa jina lake. Hakujua kitu kimoja tu, kwamba alikuwa amekufa.

"Nipe somo yangu nimsikie sauti," alikuwa akisema.

"Amelala, mama."

"Kila ukipiga kalala. Huyo mtoto mgonjwa?"

"Ni saa za huku, mama."

"Saa za huku. Haya. Wewe umekula nini leo?"

Ndugu zangu, uongo unachosha kuliko kufagia. Kila mwaka Jumapili ya akina mama, Mchungaji aliwaomba waliofiwa na mama zao wasimame waombewe. Nilisimama. Nilisimama pamoja na watu ambao mama zao walizikwa bila sanda, na watu waliowaacha mama zao njiani wakikimbia. Mama Furaha alikuwa akigeuka kunitazama kwa huruma, na mimi nilikuwa nainamisha kichwa. Nilianza kushindwa kuomba. Nilipofumba macho, sala yangu iliishia kwenye "Baba yetu". Nilikuwa na shinikizo la damu nikiwa bado kijana. Nilimkaripia Zawadi kwa mambo madogo, kwa chumvi, kwa mlango ulioachwa wazi. Naye aliniona natoka kununua maziwa na kurudi bila maziwa, akaanza kufikiri mambo yake.

Siku moja tulikwenda Southall kununua unga. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kipunjabi, mzaliwa wa Kisumu, na alifurahi kusikia Kiswahili. Nikamwambia, "Samahani mzee, naomba ule mfuko wa juu." Akaweka mikono kiunoni akanitazama.

"Wewe wa wapi, kijana?"

"Congo."

"Congo? Nani Mkongo anasema 'samahani mzee, naomba'? Wewe mtu wa Tanganyika wewe. Mimi nimeuzia watu hii miaka yote, huwezi kunichezea."

Alikuwa anatania, akaniongezea hata pilipili bure. Nje Zawadi akaniuliza, "Ule mzee alisema nini juu ya Tanganyika?" Nikamwambia wazee wa Kihindi wana utani. Sikurudi tena Southall. Hivyo ndivyo jiji kubwa lilivyonipungukia. Duka hili siingii, mtu huyu simsalimu, harusi ile siendi kwa kuwa kutakuwa na Watanzania. Nilikuja London kijana wa watu, nikawa mtu wa kuvuka barabara akisikia Kiswahili cha kwao.

Simu za mkononi zilipofika mpaka kwetu, nilimpa mama namba yangu. Nilimwambia abipu tu, asiongee, mimi nitampigia. Alibipu vizuri kwa miaka. Mlio mmoja, kimya. Nami natoka kununua maziwa.

Jumamosi moja nilikuwa bafuni. Simu ikalia mezani mlio mmoja, na Yustina, ambaye alikuwa anasoma shule ya msingi na alipenda simu kama watoto wote, akaiwahi. Alipokea bipu, ndugu zangu. Mama alishtuka, akaogopa salio lake, akasema haraka haraka, "Mwambie baba yako bibi amepiga." Ikakatika.

Mnajua watoto wetu wa hapa. Kiswahili wanakielewa, wanajibu kwa Kiingereza, na Kiswahili alichokielewa Yustina kilikuwa cha mama yake, cha Uvira. Alikwenda jikoni akamwambia mama yake kwamba bibi wa Papa amepiga simu.

Zawadi akasema, "Bibi ya papa yako ni miye."

Mtoto akashikilia kwamba ni bibi mwingine, na sauti yake ni ya mtu mkubwa.

Nilipotoka bafuni nilimkuta Zawadi amesimama sebuleni na simu yangu sikioni, amekwisha kupiga. Mama yangu aliamini kwamba London ni mbali, kwa hiyo alikuwa anapaza sauti. Nilisikia kila neno kutoka mlangoni.

"Haloo. Wewe ni nani unatafuta bwana yangu?"

"Mimi bibi."

"Bibi ya nani?"

"Bibi yake Yustina. Hapo si kwa Ezekia?"

"Yustina ni mutoto yangu miye. Na bibi ya Ezekia ni miye. Wewe alikuoa lini?"

Mama akasema, "Anioe? Mwanangu, mimi nimemzaa."

Zawadi akageuka, akaniona. Sijui niseme alinitazama vipi. Aliuliza kwenye simu, akinitazama mimi, "Mama, ulisema unaitwa nani?"

"Yustina. Huyo mtoto si ndiye somo yangu?"

Zawadi alishusha sauti, akaanza salamu upya toka mwanzo, kama mwanamke anavyomsalimu mama mkwe. Aliuliza afya, aliuliza nyumba, aliuliza mvua. Akanipa simu bila kunigusa mkono.

Mama akasema, "Ezekia, mkeo mkali. Nimempenda." Kisha akaniambia kilichomfanya abipu. Miguu ilikuwa imevimba, daktari amesema ni moyo, na alitaka nije nimwone.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo ningeweza kusema kweli. Sikusema. Nilipokata simu nilimwambia Zawadi kwamba yule ni mama mdogo, mdogo wake marehemu, na kwetu mama mdogo ni mama, na wote waliitwa majina ya nyumbani yanayofanana. Kiswahili chetu kina vichaka vingi vya kujificha, mtu ana mama watano na wote ni mama. Zawadi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Alisema amekuzaa." Akaingia chumbani kwa mtoto, akalala huko.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ile Jumapili ya akina mama. Mchungaji akawaita waliofiwa wasimame. Watu wakasimama. Mimi sikuweza. Nasikia wengine wakishuhudia kwamba walisikia sauti kutoka juu. Mimi sikusikia sauti. Miguu yangu tu ilikataa, kama punda anavyokataa darajani. Mama Furaha akageuka akaniona nimekaa.

"Baba Yustina, simama. Tuombee mama yako."

Zawadi alikuwa pembeni yangu, anatazama mbele.

Nikasema, "Mama yangu yuko hai."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi ule ulikuwa na mwangwi. Mchungaji akauliza, "Unasema yuko hai katika Bwana?" Alikuwa ananipa njia ya kutokea, bila kujua. Nikasema, "Hapana, Mchungaji. Yuko hai Kigoma. Anaumwa. Mimi ni Mtanzania. Niliwadanganya wote."

Ndugu zangu, hakuna aliyepiga vigelegele. Mama Furaha alikuja mpaka kwenye kiti changu, akasimama juu yangu.

"Siku ile tulikaa chini," alisema, "tulililia nani?"

Hakunisubiri nijibu.

"Miye mama yangu aliuawa Uvira. Sikumuona, sikumuzika, hakuna mutu alinikalia chini. Wewe ulipokuja na msiba yako, nikasema Mungu amenipa pa kumulilia. Nililia wangu ndani ya wako. Sasa unaniambia pale hapakuwa mutu. Machozi yangu utanirudishia wapi?"

Nilipiga magoti. Nilisema tu, "Mungu wangu, mimi ndiye niliyefanya hivi," na hiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza iliyofika mwisho kwa miaka. Kitu kilichokuwa kimenikaba kifuani kikaachia. Nashuhudia kwamba kiliachia, mbele ya watu walionikasirikia, na hakijarudi. Hapo ndipo Bwana aliponifungua.

Lakini nisiwadanganye tena. Kufunguliwa siyo kurudishiwa.

Jioni ile nilimpigia mama nikiwa sebuleni, mbele ya Zawadi, bila kibanda na bila maziwa. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba nilisema amekufa, ili nipate kukaa Ulaya, na watu wakamlilia.

"Walinililia vizuri?" akauliza.

"Walilia sana, mama."

"Wangapi?"

"Nyumba ilijaa."

"Basi mimi nimeshaliliwa. Watu wangapi wanapata hiyo?" Akakohoa. "Sasa njoo unione, Ezekia. Kabla sijafa kweli, nikawafanya wakweli hao waliolia."

Kwenda hakukuwa rahisi tena. Nilikuwa nimeahidi mbele ya kanisa kwamba nitanyoosha kila mahali nilipopindisha, na mahali pa kwanza palikuwa Croydon. Mwanasheria aliniambia wazi kwamba nikiingia pale na kusema kweli, hati zangu zitashikiliwa, sitasafiri wala sitafanya kazi mpaka waamue, na wanaweza kuamua niondoke nisirudi. Angalieni, ndugu zangu, jinsi nilivyojifunga. Kwa miaka yote ile hati nilikuwa nazo. Ningeweza kwenda kumwona mama wakati wowote. Sikwenda kwa sababu ningemwambia Zawadi nakwenda kumwona nani? Na sasa ambapo ningeweza kumwambia, hati zilikuwa za uongo. Kulikuwa na ndugu walionishauri nisafiri kwanza, nikaungame nikirudi. Nililala na shauri hilo siku nyingi, na sitamhukumu yeyote ambaye angelifuata. Mimi nilijijua. Nilijua nikipita mpaka mmoja tu zaidi kwa hati zile, sitaungama tena.

Nikaenda Croydon. Nikasema kweli. Hati zikashikiliwa, kazi ikasimama.

Zawadi hakuwa amesema nami neno refu tangu Jumapili ile. Siku niliporudi kutoka Croydon alikuwa anakunja nguo za mtoto.

"Miye na Yustina tutaenda," alisema.

"Wapi?"

"Kwa mama mukwe yangu. Miye nilimuoshea vyombo vya matanga. Nataka nimuone uso."

Wakaenda, maana yeye na mtoto hati zao zilikuwa safi. Nilibaki nyumbani nikisubiri simu. Zawadi alinisimulia kwamba mama aliwakaribisha akiwa ameketi kitandani, amevaa kitenge kipya. Alimshika Yustina mashavu, akaanza kusema naye kwa Kiha, kwa sababu aliona Kiswahili hakimfikii. Mtoto akamjibu kwa Kiingereza. Wakakaa siku nzima hivyo, huyu na lugha yake, yule na yake, wakichambua maharage, na hakuna aliyemwomba mwenzake atafsiri. Kila siku mama aliuliza, "Ezekia anakuja lini?" na Zawadi, ambaye hakujifunza kudanganya, alimjibu, "Hawezi kuja, mama."

Mama alifariki wao wakiwa bado pale. Zawadi alimwosha pamoja na wanawake wa Gungu. Alikaa chini siku zote za matanga kama mkwe, na watu walipouliza mwana wa marehemu yuko wapi, alijibu kweli, nayo aibu hiyo aliibeba yeye, si mimi.

Mimi niliambiwa kwa simu nikiwa jikoni. Sikumwita mtu. Ningemwambia nani kwamba mama yangu amekufa? Mchungaji alikuja akaketi nami. Mama Furaha hakuja. Alituma sufuria ya chakula, na aliyeleta akaniambia alivyoagizwa, "Amesema hii si ya msiba. Ni ya tumbo." Nilikula. Alinisamehe kabla hajafariki, miaka mingi baadaye. Aliniambia kwamba alinisamehe kwa kuchoka, si kwa kutaka, na nilipokea hivyo hivyo.

Zawadi alirudi London, lakini hakurudi kwangu siku ile. Alikaa mbali nami kwa muda mrefu, na hata leo tunapokaa nyumba moja kuna swali dogo ambalo hulirudia nikitoka. "Unaenda wapi?" Namjibu mahali ninapokwenda, jina la mtaa, jina la mtu. Sichoki kumjibu. Ofisi ya Croydon iliniruhusu kukaa mwishowe, kwa ajili ya mtoto, kwa nchi yangu ya kweli. Nilikwenda Gungu nikasimama kwenye kaburi. Nyasi zilikuwa ndefu. Nilizing'oa kwa mikono nikarudi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kwa sababu usiku nalala. Namshukuru kwa mke aliyekwenda mahali pangu. Namshukuru kwa Yustina, ambaye sasa ni mtu mzima na hujibu kwa Kiswahili akitaka kunikasirikia. Namshukuru hata kwa miguu yangu iliyokataa kusimama, maana akili yangu ilikuwa tayari kusimama tena.

Na wewe uliyefika juzi, unayesoma haya au unayesikia yakisomwa. Sikujui, lakini nakujua. Jina tunalokuita si lako. Kuna mtu wa kwenu umemuua mdomoni, na wakati huu huu anakuwekea chakula pembeni. Usingoje miguu yako ikatae. Mwamini Mungu wakati mtu wako bado anapokea simu. Siwezi kukuahidi kwamba hutapoteza kitu. Utapoteza. Lakini kama unaogopa kuingia Croydon peke yako, mimi ninaijua njia, ninayajua mabenchi yake. Jumatatu sina kazi. Nitafute, twende wote.